Wageni wa Namba Saba

Mtu mwenye kitanda akiacha kitanda chake akaenda kulala chini, penye mizizi na siafu, tena akalipa ili aruhusiwe, mimi simwiti mtalii. Ninalo jina lingine, ila nimeokoka, sitaliandika.

Huu ni mwaka wa sita natunza kambi ya kijito cha Sorrel. Mume wangu Clovis alipoangukiwa na mti akafa, Bwana Misitu alikuja mlangoni na kofia mkononi akaniuliza kama ningependa kazi. Kazi yenyewe ni kuosha vyoo viwili, kuuza kuni, na kuwaambia watu wazima wasilale na nyama ndani ya hema kwa sababu ya dubu. Wanaitikia kwa kichwa, halafu wanalala na nyama. Dubu akija wanapiga mayowe, kana kwamba dubu ndiye aliyepotea njia.

Kambi ina nafasi kumi na mbili, kila moja na kibao chake cha namba. Wageni hupaita pori. Kuanzia namba nne hadi namba tisa palikuwa shamba la mahindi la babu yangu, kabla serikali haijanunua bonde lote na kuiacha miti iote ipendavyo. Pale kilipo choo cha wanawake nimepalilia kwa mikono hii. Sasa anakuja mtu kutoka mjini, anavuta pumzi ndefu, anasema, "Aa, hapa hapajawahi kuguswa." Mimi namuuzia kuni, nanyamaza.

Namba saba iko ukingoni kabisa, na mbele yake kijito kinapinda chini ya mwamba na kufanya dimbwi. Kwingine kote maji hayafiki goti. Pale yanafika kifuani, na ukikosea hatua mbili kushoto kuna shimo litakalokumeza na kofia yako. Ni hapo kanisa letu linapobatiza tangu bibi yangu hajazaliwa. Makanisa ya mjini yana beseni ndani ya jengo, maji ya bomba, tena yamepashwa moto kama ya kunyonyolea kuku. Wao na beseni lao. Sisi twataka maji yanayokwenda, yachukue kinachochukuliwa na yasirudi nacho.

Kaka yangu Verlin ana miaka sabini na moja. Alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na mitatu, na vumbi lake amebaki nalo kifuani. Akipumua unasikia filimbi, na hatembei bila chupa yake ya oksijeni. Mke wake alibatizwa kabla hajafa. Mimi nilibatizwa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Yeye hakuwahi. Si kwamba haamini, Biblia anaijua kuliko shemasi wetu. Shida yake ni kutazamwa. "Siwezi kuinuliwa majini mbele za watu, nimelowa kama panya," ndivyo alivyokuwa akisema. Jambo hilo nimeliombea miaka arobaini.

Mwezi wa nne daktari alimwambia kwamba majira ya baridi yajayo asiyategemee. Jioni ile alikuja akaketi barazani kwangu, chupa katikati ya miguu, akatazama mlima kwa muda mrefu.

"Orpha, nitaingia," akasema.

"Utaingia wapi?"

"Usijifanye hujui."

Nikavuta kiti changu karibu na chake.

"Lakini nisikilize. Watu wa kanisa sawa, wananijua mimi na ubaya wangu. Hao wako wa mahema siwataki. Nikimwona hata mmoja amesimama na simu yake, nageuza. Na nikigeuza sirudi tena. Wanijua."

"Nakujua, kaka."

Namjua. Zamani alikosana na kinyozi juu ya neno moja. Akajinyoa mwenyewe miaka kumi na tisa, mpaka kinyozi alipofariki, na miaka yote hiyo kichwa chake kilikuwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi.

Basi siku ikapangwa, Jumapili ya pili ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Nikamwomba Bwana Misitu aiache namba saba tupu siku tatu. Akasema hilo ni dogo. Ijumaa alasiri naona gari linashuka taratibu, juu yake sanduku, juu ya sanduku mtumbwi, nyuma baiskeli mbili, linakwenda moja kwa moja kusimama namba saba. Nikampigia simu Bwana Misitu.

"Pole, Orpha," akasema. "Ofisi ya mjini imewapa kwa mtandao. Mimi huo mtandao sikuutazama. Wameshalipia, nitawatoaje?"

Huyo ndiye aliyekabidhiwa na serikali msitu mzima.

Walikuwa mtu na mkewe, Preston na Kendra, watu wa mji wa Richmond. Mume alikuwa wa miaka arobaini hivi, ndevu zimepunguzwa kwa rula, kofia pana ina kamba chini ya kidevu, na viatu vya mlima ambavyo havijawahi kuliona tope. Walikuwa na mbwa mdogo aliyevalishwa koti la kuzuia asizame, kwenye kijito ambacho bata hutembea kwa miguu. Nilisimama mlangoni pa trela ninayoishi hapo kambini nikawatazama wakisimamisha hema. Mara tatu lilimwangukia mume. Mara ya nne mke akamnyang'anya zile fimbo, akalisimamisha peke yake, mume akasoma maelekezo kwa sauti.

Nikawashukia.

"Habari, mama!" Preston akasema. "Tumefika peponi, au sio?"

"Peponi ni kwingine. Nyama iwekeni ndani ya gari."

"Ndiyo, ndiyo, habari za dubu tumezisoma."

"Dubu yeye habari zenu hajazisoma."

Mke akacheka. Mume alikuwa anaangalia simu, anaiinua juu kushoto, juu kulia, kama mtu anayefukuza nyuki.

"Jumapili, kuanzia saa tatu mpaka saa sita, mahali hapa panatumika," nikawaambia. "Mtakwenda kutembea."

"Panatumika kwa nini?"

"Kazi ya kanisa."

"Kazi gani?"

"Ya kanisa."

Ningeweza kusema. Lakini nilijua nikitamka ubatizo hawatakwenda popote, watavuta viti. Nimeshawaona. Wakitusikia tunaimba wanakaa kimya, vichwa upande, kama wanaosikiliza ndege aliyebaki mmoja duniani.

"Ila sisi tumelipia mpaka Jumapili mchana," Preston akasema.

"Preston." Mkewe hakupandisha sauti. "Tutakwenda kutembea, mama. Usijali."

Nikaondoka. Sikusema asante. Mtu hashukuriwi kwa kutoka kwenye shamba la babu yako.

Jumamosi alasiri akaja Arvil Mullins, shemasi wetu. Kila kabla ya ubatizo shemasi huupima mchanga, kwa sababu mafuriko ya masika huuhamisha. Arvil ana miaka sabini na minane na goti bovu, na kazi hiyo hamwachii mtu. Huchonga vijiti sita virefu vya mti mgumu, hubambua maganda upande wa juu vionekane vyeupe, kisha huingia majini na fimbo, anagusa hapa, anagusa pale, na kuvikita viwiliviwili, kushoto na kulia, ili mchungaji ajue pa kukanyaga. Njia yenyewe hainyooki. Inakwenda jozi ya kwanza, inafika jozi ya pili, halafu inapinda kulia kwa nguvu kulikwepa lile shimo. Kutoka ukingoni shimo hulioni, maji pale ni meusi kama kahawa.

Preston alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, anamtazama.

"Mzee, unafanya nini?"

"Natega samaki," Arvil akajibu bila kugeuka.

"Kwa vijiti?"

"Vijiti tu, kijana. Wanaona njia, wanaingia wenyewe, wanashindwa kutoka."

"Wakubwa?"

"Mmoja namtegemea kesho. Kilo sitini na mbili hivi."

Mimi nilikuwa karibu, nimebeba ndoo ya choo. Watu wetu ndivyo walivyo. Mgeni akiuliza swali, humpa jibu lenye uso mkavu, wakaende kulicheka nyumbani. Babu yangu alikuwa hivyo, Clovis alikuwa hivyo. Nami nilicheka, sitadanganya, nilicheka kimoyomoyo mpaka ndoo ikamwagika kidogo. Yule mume akakunja uso, akaenda kukisoma kibao chetu cha sheria za uvuvi, chote, kuanzia juu hadi chini. Nikadhani ni uvivu tu. Nikapanda kanisani kufagia na kukaanga kuku.

Jumapili nilishuka saa tatu na nusu, nimevaa gauni langu la kijivu, nikamwacha Verlin ndani ya pikapu yangu juu kidogo, kioo kimeteremshwa. Alikuwa amevaa shati jeupe na suruali nyeusi. Ndevu zimenyolewa, na mikono anaishika magotini kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Wamekwenda?" akaniuliza.

"Naenda kuhakikisha."

Hawakuwa wamekwenda. Walikuwa wanakula mayai. Preston bado yuko na suruali ya kulalia yenye mistari, na kofia yake kichwani. Nilitaka kufungua kinywa niwaambie yanayowastahili, ndipo nikaangalia majini.

Vijiti vyote sita vilikuwapo, vizuri. Lakini vilikuwa vimenyooka. Jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimepangwa sawasawa kama maua ya bustani ya benki. Na kijiti kimoja kilikuwa kimekitwa kichwa chini, ncha yake iliyochongwa iko juu.

"Nani amegusa vile vijiti?"

Preston akamwangalia mkewe.

"Mwambie," Kendra akasema.

"Mama, mimi... jana jioni niliving'oa. Yule mzee alisema mwenyewe anatega samaki. Na kutega hivyo ni kosa, kibao chenu kinasema."

"Halafu?"

"Kendra akasema si vitu vyetu. Nikavirudisha."

"Palepale?"

"Karibu na palepale. Vile viwili vya mwisho nilivikita nikiwa juu ya mwamba, maji yalikuwa baridi."

"Karibu na palepale," nikasema. "Je, daktari akikukata mguu karibu na palepale?"

Watu wa aina hii wanazo huruma nyingi, na zote wamezipeleka kwa samaki.

Wakati huohuo nikasikia kuimba. Watu wetu walikuwa wanashuka kutoka kanisani kwa miguu, watu thelathini na kidogo, Mchungaji Rasnick mbele na fimbo yake. Yeye anatoa mstari, wengine wanauvuta polepole, hivyo mpaka wafike. Jicho la kushoto la Mchungaji lina mtoto wa jicho. Yeye hutembea majini kwa vijiti vya Arvil na kwa imani. Angemshika kaka yangu mkono, mtu asiye na pumzi ya kupanda ngazi tatu, na kumwingiza kwenye shimo lile huku sisi tukiimba.

Nikamwendea Arvil, nikamwambia sikioni. Akaacha kuimba.

"Nilimtania tu," akasema.

"Ulimtania, akakuamini. Sasa ingia upime upya."

"Dada Orpha, goti hili linaingia majini mara moja kwa siku. Nikipima sitaweza kuingia tena na Mchungaji. Na kupima ni nusu saa."

"Vijana wetu je?"

Tukawaangalia. Watano, suti za Jumapili, kila mmoja anaangalia viatu vya mwenzake. Tangu utoto tumewaambia wasiingie dimbwi lile bila shemasi, na hilo moja walilishika.

Kuimba kukafifia. Mtu mmoja akakohoa. Nikasikia mlango wa pikapu unafunguliwa. Verlin alikuwa ametoa mguu mmoja nje. Nikamwendea upesi.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, kaka. Subiri kidogo."

Akatazama juu ya bega langu. Preston na suruali yake ya mistari, Kendra na sahani ya mayai, mbwa na koti.

"Orpha, nilisema nini mimi?"

"Ulisema wasiwepo."

"Na hao ni nini? Miti?"

"Walipaswa kuwa wamekwenda. Kaka, dakika chache tu..."

"Nirudishe nyumbani."

Akarudisha mguu ndani, akavuta mlango ukafunga. Hakuufunga kwa hasira. Ningependa angeubamiza. Aliufunga taratibu, kama mtu anayefunga duka ambalo halitafunguliwa tena, kisha akapandisha kioo. Nilisimama pale na miaka yangu arobaini ya maombi, nikaona yote inakwenda kwa sababu ya mtu mmoja aliyesoma kibao. Nilimwomba Mungu anipe neno la kumwambia kaka yangu. Hakunipa. Yaliyonijia ni mawazo mengine juu ya Preston, ambayo najua hayakutoka kwa Mungu.

Nyuma yangu nikasikia, "Mimi nitapima."

Nikateremka ukingoni. Alikuwa Preston, ameshavua viatu.

"Wewe?" Arvil akasema.

"Mimi ndiye niliyeharibu. Ni kuangalia tu kama chini pako imara, sivyo? Niliingia jana."

"Kijana, subiri, njia ile ina..."

Lakini mtu aliyezoea kusoma maelekezo hasubiri kuambiwa. Alikuwa ndani ya maji tayari, mikono juu, anapita katikati ya jozi ya kwanza. "Hapa sawa!" Akapita jozi ya pili. Maji yakamfika kiunoni. Watu wote ukingoni wakawa wanapiga kelele pamoja, kulia, kulia, simama wewe, naye akageuza uso kutuangalia, anatabasamu, amenyoosha kidole gumba.

"Mnaona? Hapa pote pako sa..."

Akatoweka.

Sijawahi kuona mtu akienda chini vile. Hakuyumba, hakuanguka. Alikuwapo, halafu ikawapo kofia. Kofia ikazunguka mara moja, ikaanza safari yake kuteremka na kijito, mbwa akaikimbilia akibweka. Kendra akaangusha sahani, akaruka majini mpaka magotini. Mwanamke mmoja wa kanisa akaanza kuomba kwa sauti. Kisha Preston akaibuka upande wa pili, amekumbatia mwamba kwa mikono yote miwili, jani moja kubwa la mwaka jana limemfunika jicho, anatema maji kama bomba la zamani.

Ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye pikapu. Ilikuwa mlio mwembamba, kama bawaba ya mlango, halafu kikohozi, halafu mlio tena. Nikakimbia, nikijua kaka yangu anakufa. Nikafungua mlango. Alikuwa ameinama juu ya chupa yake, machozi yanamtoka, mabega yanamruka, anapiga goti kwa kiganja.

"Kaka! Kaka, vuta pumzi!"

"Mzima mzima," akasema, akakosa hewa, akaipata. "Umemwona? Amezama mzima mzima, na kofia, bila hata ubeti mmoja!"

Alikuwa anacheka. Tangu mkewe azikwe sikuwa nimemsikia akicheka, nilikuwa nimesahau sauti yake.

"Nisaidie kushuka, Orpha."

"Unakwenda wapi?"

"Majini. Upesi, kabla yule hajatoka. Wakimtazama yeye hawatanitazama mimi."

Nikampa bega langu. Tulipofika ukingoni Arvil alikuwa ameshaelewa, na alikuwa amepata tena ushemasi wake. Alinyoosha fimbo kuelekea kwenye mwamba.

"Wewe kijana! Pale ulipo ndipo shimo linapoishia?"

"Naona... naona ndiyo," Preston akajibu, meno yanagongana.

"Zunguka kwa mkono kwenye mwamba, uje huku mpaka ukanyage. Haya. Hatua moja zaidi. Hapo. Simama hapohapo. Ukisogea kabla sijakuambia, nitaingia mwenyewe nikurudishe shimoni."

Hivyo ndivyo Preston wa Richmond alivyopata kazi ya maana siku ile. Alisimama kwenye ukingo wa shimo, maji kifuani, mikono ameikunja, midomo ya buluu, akawa kijiti. Arvil na Mchungaji wakapita kulia kwake, kila mmoja ameshika mkono wa kaka yangu. Mchungaji alipomfikia Preston alimgusa bega kwa fimbo kujua alipo, kama anavyogusa nguzo ya kanisa gizani, akasema, "Asante," akapita.

Ukingoni Kendra alikuwa amelowa mpaka magotini, na simu ilikuwa mkononi mwake. Nilimtazama. Akaitazama simu, akaitia mfukoni, akafunga zipu.

Ile chupa tuliiacha ukingoni, mimi nimeishika, mrija unapuliza hewa bure mapajani mwangu. Niliona mgongo wa kaka yangu, mwembamba ndani ya shati. Mchungaji akainua mkono. Alisema maneno yale yanayosemwa, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na wakamlaza.

Mtu mwenye kifua kama kile hana pumzi ya kuazima. Nilikuwa nimewaambia wafanye haraka, nao walifanya haraka, lakini mimi niliona maji yamefunga juu ya uso wake, yamekuwa laini, yanapita kama yanavyopita siku zote. Nilimwona mama yetu alipolazwa hapo, na Clovis, na mimi mwenyewe nikiwa nimesukwa nywele mikia miwili.

Wakamwinua.

Maji yakamtoka puani na masikioni, shati limemganda mbavuni, nywele zimelala. Alikuwa kama panya kweli, sina budi kusema. Alifungua kinywa, na hewa ikaingia. Niliisikia kutoka ukingoni, ndefu, bila filimbi. Ilikuwa moja tu. Ya pili filimbi ikarudi. Lakini ile moja niliisikia.

Akageuka, akatutazama wote, kanisa zima na Kendra na mbwa, bila kuinamisha uso. Halafu akamwona Preston.

"Bado umesimama?"

"Sijaambiwa nitoke," Preston akasema.

"Arvil, mwambie huyu mtu atoke, atakufa na baridi tupate dhambi."

Chakula huwa kinaliwa kanisani, nje, kwenye meza ndefu chini ya miti. Nilikuwa nimepanga nani atakaa wapi. Sikuwapangia wale wawili, kwa kuwa sikuwa nimewaita. Verlin ndiye aliyewaita. Alikuwa amefungwa blanketi la viraka mpaka kidevuni, mrija wake puani, akamweka Preston kulia kwake. Preston alikuwa amevaa suruali ya shamba ya Arvil, imemwishia katikati ya miguu kama mtu anayevuka mto. Kendra alikaa na wanawake, akauliza mambo machache na kusikiliza mengi. Huyo sina la kumsema, nimetafuta.

Mume nilikuwa na la kumsema kila alipopumua. Alikula kuku kwa uma. Maharagwe alitaka kujua yamepikwa na mafuta gani, akaambiwa ya nguruwe, akasita, akala. Halafu akachukua mkate wangu wa mahindi, akauma, akatafuna polepole, akanitazama kwa heshima zote.

"Mama, mkate huu ni mzuri sana. Huwa mnasahau sukari, au ni makusudi?"

Meza nzima ikaacha kutafuna. Mahali petu mtu anaweza kusema vibaya juu ya gari lako, mbwa wako, hata ndoa yako, na akaondoka salama, lakini si juu ya mkate wa mahindi, ambao kwetu hautiwi sukari kamwe. Arvil aliweka kijiko chini. Mchungaji, ambaye haoni vizuri, alianza kutafuta kofia yake.

"Msamehe, Orpha," kaka yangu akasema. "Ndio kwanza ametoka majini."

Wakacheka wote, na Preston akacheka, ingawa nadhani hakuelewa. Mimi nilibaki nimesimama na sinia. Verlin alinitazama. Midomo yake ilikuwa bado ya buluu, na ndani ya macho yake kulikuwa na kitu ambacho nilikisubiri tangu nikiwa msichana, nami sikutaka kukiharibu kwa sababu ya sukari.

"Mpe kipande kingine," akasema.

Nikachagua. Nikampa cha pembeni, kilichoungua.

Akakila chote, akalamba vidole, akauliza kama kuna kingine cha namna ileile.